Mstari wa Mama Mboyo

Kompyuta yangu ya nyumbani haifunguki moja kwa moja. Ukiiwasha, kwanza inaleta kioo cheusi chenye mistari myeupe, kila mstari ukiwa ni mfumo mmoja niliowahi kuuweka ndani yake, na inasubiri uchague ni upi ufunguke. Mingi ya mistari hiyo imekwisha kufa. Niliweka mifumo kwa kujaribu, nikaiondoa, majina yakabaki pale kama vibao vya maduka yaliyofungwa. Binti yangu Dorcas, ambaye ameanza kufundishwa mambo haya shuleni na tayari anajiona injinia, amenilalamikia kwa muda mrefu. Anasema ni aibu mwalimu wa kompyuta kuwa na mashine chafu. Basi Jumamosi hii, umeme ukiwepo kwa bahati, nikakaa naye mezani tuisafishe.

Tulifuta mstari wa kwanza, tukafuta na uliofuata, kazi ikawa nyepesi kama kuchambua maharagwe. Halafu tukafika kwenye mstari ulioandikwa MAMA NGOIE, na mkono wangu ukasimama.

Mama Ngoie ni mama yangu mzazi. Tulimzika mvua zilizopita. Matanga yalipokwisha nilichukua diski ya mashine yake ya kazi, nikaipachika ndani ya hii yangu, nikaupa mfumo wake jina lake. Haufunguki. Mashine hizi mpya hazielewani na mambo ya zamani, na barua zake zote nilikwisha kuzihamisha. Kwa hiyo mstari ule hauna kazi yoyote, na Dorcas anajua hivyo. Kidole chake kilikuwa tayari. Nikamwambia angoje kwanza, na alipokuwa akingoja pua yangu ikashika harufu ya vumbi lililopata joto ndani ya mashine, nikajikuta mtoto tena, pale sekretaria, karibu na stesheni ya Kamina.

Tulipaita sekretaria, lakini kilikuwa kibanda cha matofali chenye mlango mmoja na dirisha la chuma, mahali watu walipoleta maneno yao yapigwe chapa. Walimu walikuja na mitihani, mashemasi na ripoti za kanisa, vijana na barua za kuomba kazi ambazo zote zilianza kwa heshima ileile na kuisha kwa machozi yaleyale. Nje, magunia ya samaki wakavu kutoka Kinkondja yalikuwa yakingoja treni, na treni zetu hazikuwahi kuwa na haraka, kwa hiyo harufu ya samaki iliingia ndani na kukaa na sisi pamoja na harufu ya wino na moshi wa gurupe, ile jenereta iliyotutafunia mafuta. Karatasi zilizotoka kwetu zilinuka samaki kidogo. Sijui wakubwa waliozipokea walisemaje.

Mama alikuwa amefundishwa kupiga mashine katika ofisi ya kanisa, enzi za mashine za chuma. Alikuwa mtu wa maneno machache na sketi iliyopigwa pasi hata siku za matope. Mwenzake katika kazi alikuwa Mama Mboyo, na huyo alikuwa kinyume chake katika kila kitu. Alikuwa mke wa askari, kwao mbali upande wa Mbandaka, na aliishi kule Baze, kambi ya jeshi, pamoja na wake wa askari wengine kutoka kila pembe ya nchi. Mara ya kwanza alikuja tu kuandikisha barua. Akatazama Mama anavyopiga, akavumilia, akashindwa kuvumilia, akavuta kiti na kusema atapiga mwenyewe. Akapiga vidole vyote kumi bila kuangalia chini. Mama alimchukia asubuhi nzima. Kufikia jioni walikuwa wanakula mhogo kwenye sahani moja, na baada ya msimu mmoja walikuwa wamechanga wakaagiza kompyuta kutoka Lubumbashi. Mmoja alikuwa na wateja, mwingine alikuwa na mdomo, na sekretaria haiwezi kuishi bila vyote viwili.

Mimi nilimpenda Mama Mboyo kwa tamaa ya mtoto, yaani nilitaka awe wangu. Karatasi zilipokuwa zikitoka polepole kwenye mashine ya kuchapa, alinikalisha kati ya magoti yake na kunisuka. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kilingala, na aliniita mwana na ngai, mtoto wangu, mbele ya Mama mwenyewe.

Ugomvi wao mkubwa uliletwa na virusi. Mashine ilianza kuugua: barua zilipotea, maandishi yakageuka vijiti na nyota. Mama alisema magonjwa yanaletwa na vijiti vya flashi vya askari wa Mama Mboyo. Mama Mboyo alisema hapana, yanaletwa na walimu, maana mwalimu anachomeka flashi yake popote kama mwanaume asiye na mke. Mama hakupenda kusikia maneno hayo mbele yangu. Wakakaa siku kadhaa wakizungumza kupitia kwangu, mwambie huyu, mwambie yule, huku wakiwa wamekaa bega kwa bega.

Aliyewapatanisha ni Trésor, kijana fundi aliyesoma Lubumbashi na kurudi na miwani ya jua. Mtu mwingine angeweka tu majina mawili ya kuingilia ndani ya mfumo mmoja. Trésor alitazama wale wanawake wawili, akaona kwamba jambo hili si la kompyuta. Alikuwa mtoto wa Kamina, alijua parseli zetu zinavyoishi: uwanja mmoja, nyumba mbili, kila mama na mlango wake na jiko lake. Basi akaikata diski sehemu mbili, akaweka mfumo kamili upande huu na mfumo kamili upande ule, kila mmoja na ukubwa wake na magonjwa yake. Halafu akaandika majina kwenye orodha ya kufungulia.

"Kila mama na nyumba yake," akawaambia. "Mukitaka kupigana, mutapigana inje."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kioo kilikuwa cheusi, na maandishi meupe yakatokea: MAMA MBOYO, na chini yake MAMA NGOIE. Jina la Mama Mboyo lilikuwa juu kwa sababu mfumo wake uliwekwa wa mwisho, na mashine ina tabia ya kumpa mgeni kiti cha mbele. Chini kabisa namba zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma. Zikiisha bila mtu kugusa kitu, mlango wa Mama Mboyo ulifunguka wenyewe. Mama akitaka kuingia kwake ilimpasa awahi kubonyeza mshale wa kushuka.

Nilikuwa najua kusoma, ila nilisoma kwa kuamini. Niliamini kwamba ndani ya lile sanduku kulikuwa na vyumba viwili, na kwamba Mama akishaketi na kuweka macho yale yasiyosikia mtu, alikuwa ameingia chumbani kwake. Ushahidi nilikuwa nao. Mmoja akiwa ndani, mwingine alikaa nje kwenye kigoda akibangua karanga. Hawakuwahi kuwa ndani wote wawili. Na chumbani kwa Mama Mboyo kulikuwa na picha ya watoto wake wamesimama mbele ya mto mpana, wakati kwa Mama kulikuwa na rangi ya buluu tupu, kama nyumba ya mtu asiyependa wageni. Kila chumba kilifanana na mwenye nacho.

Sasa lazima nieleze jambo la ufagio, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu mtu akisafiri, hafagiliwi nyuma. Chumba alicholala, uwanja aliokanyaga akitoka, unaviacha vilivyo mpaka habari ije kwamba amefika. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake Mama, ndiye aliyenifundisha, kwa kunichapa kwenye vidole. Papa alikuwa amepanda treni asubuhi hiyo na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nimeshika ufagio bila kutumwa.

"Ukikomba nyuma ya musafiri, unamukomba yeye," Kambo akasema, na akauficha ufagio juu ya paa la jiko.

Katika mji mwingine desturi hii haina shida. Kamina ni mji wa njia panda ya reli, kila nyumba ina mtu njiani, na treni inaweza kulala porini mpaka abiria wanaanza kuchumbiana. Kwa hiyo ukipita mitaani unaona uwanja umejaa majani na maganda ya karanga na husemi kwamba mwenye nyumba ni mvivu; unauliza kwa upole ni nani amesafiri. Mama Mboyo alicheka sana. Alisema watu wa huku tumetafuta sababu ya kidini ya kupenda uchafu. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilichukia kufagia, na nikaomba kila jioni Mungu awape safari wajomba zangu.

Halafu mume wa Mama Mboyo akahamishwa. Kwa askari jambo hilo linakuja kama mvua ya mawe: asubuhi una sufuria motoni, jioni unauza sufuria. Yeye alitangulia na wenzake kwa ndege ya jeshi, na Mama Mboyo na watoto walipaswa kumfuata kwa njia zao, kwa treni mpaka mwisho wa reli, na kutoka pale kwa boti, mto baada ya mto, mpaka kwao. Aliuza kitanda, akauza simu yake. Siku ya kuondoka alipita sekretaria, akaingia chumbani kwake kwenye mashine, akamalizia barua ya mtu. Akaacha kikombe chake cha bati kwenye kona, na kigoda, na maganda ya karanga alizokuwa akitafuna kwa kuwa na wasiwasi. Akamwambia Mama kwamba akifika tu atapiga kwa jirani yetu mwenye kibanda cha simu, ambaye namba yake ilikuwa imepakwa rangi ukutani kwa herufi kubwa kiasi kwamba alikuwa ameishika kichwani bila kutaka. Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama alimsindikiza mpaka kwenye behewa na kurudi peke yake, na hakuigusa kona ile.

Tukangoja. Mwanzoni kungoja kulikuwa kutamu. Wateja waliona maganda kwenye kona wakauliza Mama Mboyo amefikia wapi, na Mama akajibu kwamba bado yuko njiani. Kila asubuhi mashine ilionyesha jina lake juu, namba zikahesabu, na Mama akabonyeza mshale akaingia kwake. Maembe yakaiva yakaisha. Mvua ikapungua. Wateja wakaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mtoto anajua vizuri watu wazima wanapoacha kuuliza.

Siku moja redio ya mwenye kibanda cha simu ilisema boti la mbao limezama mtoni, upande wa huko, na watu wengi wamepotea. Haikutaja majina. Mama alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini taratibu, akafunika chakula, akaenda kuwasha gurupe ingawa hapakuwa na kazi. Kuanzia siku hiyo aliacha kuimba nyimbo za kanisa akipiga mashine. Hakusema kwamba Mama Mboyo amekufa, na mimi sikuuliza. Tulipita kando ya ile kona kama watu wanaopita kando ya mtu aliyelala.

Kiangazi kilifika, na pamoja nacho kazi ya mwisho wa mwaka wa shule. Matokeo, vyeti, orodha za wanafunzi, shule zote zilitaka kwa wakati mmoja. Na mashine ikakataa. Ilisema haina nafasi tena. Mama akahifadhi barua, ikakataa. Akafuta za zamani, ikakubali moja na kukataa ya pili. Huo ndio ulikuwa msimu wa kutulisha mwaka mzima, kwa hiyo akamwita Trésor.

Trésor alifungua, akatazama, akasema kisa ni rahisi. Nyumba ya Mama imejaa, na nyumba ya jirani haina mtu na ina nafasi tele. Atahamisha picha na barua za Mama Mboyo kwenye CD, zitunzwe vizuri, halafu abomoe kile chumba, Mama akitumie kama ghala. Na akiwa hapo, atasafisha na ile orodha ya kufungulia, abaki Mama peke yake. Mama aliyatazama mafaili ya shule. Mwishoni akakubali, kwa kichwa tu. Nilitazama picha ya wale watoto mbele ya mto ikiingia kwenye CD, na CD ikiingia ndani ya Biblia ya Mama, mahali pa kuwekea vitu visivyopotea. Nilivumilia. Chumba kinaweza kukopeshwa kwa mtu mwingine, hata Kambo alikuwa akifanya hivyo, mradi hafagii.

Lakini Trésor aliposema sasa tusafishe majina, nilisimama nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya kibodi. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu vibonye vikishuka chini ya viganja vyangu na mashine ikilia tii, tii, tii.

"Mama Mboyo hayafika," nikasema.

Trésor aliondoa miwani yake. Hakuwa kijana mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba hiyo siyo nyumba, ni jina tu, ni njia inayoonyesha nyumba ambayo haiko tena; ukiifuta hakuna kinachotokea kwa mtu yeyote. Tena ukiiacha ni hasara, kwa sababu jina liko juu, na Mama akichelewa asubuhi moja mashine itakwenda pale, haitakuta kitu, itakwama, na itabidi kuizima na kuanza upya, na mafuta ya gurupe yanaungua. Alimtazama Mama ili anisaidie kuelewa.

Mama alikuwa anaitazama ile kona.

"Acha jina," akasema.

Trésor akamkumbusha mambo ya kukwama. Mama akasema atakuwa anaangalia. Trésor akavaa miwani yake, akafunga begi lake, na niliona kwamba ananionea huruma mimi, wakati aliyestahili kuonewa huruma alikuwa mwingine. Mimi mwenyewe sikuliona hilo. Nilifikiri Mama amenisikiliza. Nilitoka pale nikiwa nimejaa fahari, nikiamini kwamba Mama Mboyo yuko hai huko alipo kwa sababu jina lake limebaki juu, na kwamba kazi ya kulilinda ni yangu.

Basi kila asubuhi kabla ya shule nilipita sekretaria. Mama aliwasha, tukasimama wote wawili, mkono wake au wangu kwenye mshale. Kwa Trésor ule ungekuwa uzembe, mtu na akili zake kuamka kila siku kukwepa shimo ambalo angeweza kulifukia. Kwetu ilikuwa kama salamu. Jina linatokea, unalitazama, unashuka.

Asubuhi moja Mama alikuwa nje akibishana na mwenye mafuta, na mimi nikashikwa na kikombe. Kile kikombe cha bati, buibui alikuwa amefuma ndani yake, na nilikuwa nimeinama kumtazama. Nilipoinua macho namba zilikuwa zimeisha. Kioo kikawa cheusi kabisa, halafu kikaandika kwa Kifaransa kwamba kitu kinachotafutwa kimekosekana au kimeharibika. Nilisoma neno kwa neno. Nilijua maneno yote, yalikuwa maneno ya shule. Na nikayaelewa kama mtoto anavyoelewa: mashine imekwenda mpaka chumbani kwa Mama Mboyo, imemtafuta, na imerudi na habari. Hapatikani, au ameumia.

Mama alinikuta chini, nimeshika mguu wa meza. Nikaonyesha kioo. Alisoma. Akaizima mashine, akaketi sakafuni na sketi yake ya pasi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa.

"Mashini haijue bantu," akaniambia. "Inajua tu kile balishaka kuiambia. Haiwezi kutuletea habari ya Mama Mboyo. Habari italetwa na muntu."

Nikamuuliza muntu gani. Alinikumbatia, na nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu, unakwenda mbio kama wa kwangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama naye alikuwa anaogopa. Hofu yangu haikuondoka, lakini nilipata mwenzangu, na hilo lilitosha nikaenda shule.

Habari ililetwa na muntu. Ilikuwa adhuhuri, joto la kabla ya mvua za kwanza, na mwenye kibanda cha simu alikuja mlangoni akiwa ameshika simu yake mbele kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi. Akasema kuna mwanamke anapiga kelele ndani, anamtaka Mama Ngoie. Mama alisimama, kiti kikaanguka. Mteja aliyekuwa anasomewa barua yake aliachwa katikati ya sentensi.

Simu zile zilisema kwa sauti kubwa na stesheni nzima ilisikia. Mama Mboyo alikuwa anacheka na kulia. Treni ilikuwa imewaacha njiani, mtoto mdogo akaugua, wakakaa kwa watu wasiowajua mpaka akapona. Boti la kwanza hawakulipanda kwa kukosa nafasi, na alimshukuru Mungu kwa hilo bila kueleza zaidi. Sasa walikuwa kwao, wote. Mume alikuwa ameacha jeshi. Mama yake alikuwa mzee na shamba lilikuwa linamngoja. Mama alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni na hakuyafuta.

Halafu akamuuliza atarudi lini. Nilimsikia Mama Mboyo akiacha kucheka.

"Minyi sitarudia tena, Mama Ngoie," akasema.

Mama akasema ndiyo tena, kwa sauti ileile. Akanipa simu. Niliishika kwa nguvu, nikamwambia tu kwamba kikombe chake kimeingia buibui. Alicheka kule mbali sana.

"Nilisha kufika, mwana na ngai," akaniambia. "Komba sasa."

Mama alinipa ufagio mwenyewe. Nilifagia ile kona, maganda na vumbi la msimu mzima na buibui, nikatoa nje, na nilifanya kazi ile niliyoichukia kwa furaha ambayo sijaipata tena katika kufagia. Mama aliosha kikombe, akakitundika pamoja na vyetu. Kisha akamwita Trésor, na Trésor akafungua lile faili dogo ambamo majina ya orodha huandikwa, akaushika mstari wa Mama Mboyo wote kwa pamoja ili aufute kwa mara moja. Mama akamsogeza. Akaketi, akaweka vidole kama alivyofundishwa katika ofisi ya kanisa, akaufuta mwenyewe kutoka nyuma, herufi moja moja, mpaka ikabaki M, na M nayo ikaondoka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula akashiba.

Kesho yake asubuhi nilipita kama kawaida. Mama aliwasha, akaweka kidole kwenye mshale, nami nikasimama kando yake. Kioo kikawa cheusi. Tulingoja majina. Hayakuja, kwa sababu mashine ikiwa na mtu mmoja tu ndani yake haina sababu ya kuuliza. Ilipita moja kwa moja mpaka kwenye ile buluu tupu ya Mama, ikakaa pale ikiwa tayari kwa kazi. Kidole cha Mama kilikuwa bado kiko kwenye mshale.

"Haiulizi tena," akasema.

Nilimtazama, na nikaona kwamba analia kwa namna nyingine, siyo ile ya jana. Mpaka hapo nilikuwa nimefikiri kwamba habari ya kufika ni mwisho wa jambo, kwamba ukifagia umemaliza. Sikujua kwamba mtu anaweza kufika salama na wewe ukabaki umempoteza. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, na akauacha pale kidogo kabla ya kuuondoa ili apige kazi za watu.

Dorcas alisikiliza haya yote akiwa ametulia, jambo ambalo ni nadra kwake, na chai yetu ikapoa. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya injinia lakini ndogo, kama basi Kambo yake, Mama Ngoie, hakufika. Nikamwambia kwamba siku ya maziko mchungaji alisema amefika. Alisimama kando ya kaburi, akafungua kitabu, akasema dada yetu amefika nyumbani, na kanisa zima likaitikia amina, na mimi niliitikia pamoja nao kwa moyo wote. Mchungaji wetu ni mtu mkweli na ninamwamini.

"Sasa?" Dorcas akauliza, kidole chake kikiwa juu ya kibonye.

"Mama Mboyo alipiga simu mwenyewe," nikamwambia. "Acha jina."